Majina yaliyomo kwenye simu yako si dhamana ya mkopo

“Habari. Mwambie ndugu yako alipe deni letu leo hii, amekuandika wewe kuwa mdhamini wake. Asipolipa tunasambaza picha zake.”

Ujumbe wa namna hii humkuta mwalimu mkuu akiwa kikaoni, shangazi aliyeko kijijini, hata fundi aliyewahi kuitwa mara moja tu kuziba bomba. Hakuna kati yao anayejua habari za mkopo huo. Namba zao zimo kwenye simu ya mtu aliyekopa mtandaoni, basi.

Wakopaji wanaofika kulalamika huja wameinamisha vichwa. Wanaamini kwamba kwa kuwa wanadaiwa, hawana pa kusemea. Hapo ndipo nataka tuelewane. Deni hulipwa, na matusi ya mkopeshaji hayalifuti. Lakini mdaiwa naye ni mtu mwenye haki zake, na Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda faragha ya kila mtu pamoja na mawasiliano yake.

Mambo huanzia kwenye kupakua programu. Simu inauliza: uiruhusu isome majina, meseji na picha zako? Mtu mwenye mgonjwa wodini au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada hana muda wa kusoma, anabonyeza “Ruhusu”. Dakika hiyo hiyo orodha yote ya majina inaweza kuwa imeshafika kwa mkopeshaji, na kuifuta programu baadaye hakuirudishi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali inayojulikana na zitumike kwa sababu hiyo. Kumtangaza mdaiwa kwa jamaa zake si sababu halali. Na hata ukibonyeza “Ruhusu” mara mia, ridhaa uliyotoa ni yako wewe. Shangazi yako hakuulizwa. Udhamini nao ni mkataba: mtu hawi mdhamini mpaka yeye mwenyewe akubali. Kwa hiyo anayetumiwa ujumbe ule halazimiki kulipa hata shilingi moja, na anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, bila kumsubiri aliyekopa.

Sasa tuangalie hesabu, maana mikopo hii haiitwi “kausha damu” bure. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 50,000. Wanakata “ada ya huduma”, unapokea 36,000, na baada ya siku saba unatakiwa kurudisha 50,000. Umelipa 14,000 kwa kutumia 36,000 wiki moja, yaani karibu asilimia 39. Ukishindwa, programu ya pili inakukopesha ulipe ya kwanza. Kabla ya kukubali mkopo wowote uliza maswali mawili tu: mkononi napata ngapi, na narudisha ngapi lini? Asiyekujibu kwa tarakimu, achana naye.

Mkopeshaji wa mtandaoni anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Novemba 2024 BoT ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Usitishike na nembo nzuri. Tafuta jina la kampuni inayomiliki programu, kisha lilinganishe na orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya BoT. Tangu mwisho wa Mei 2023 Google nayo imezikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake la Play kusoma majina na picha za mteja. Ukiona programu inayoyataka hayo, au inayoletwa kwa kiungo cha WhatsApp ili uipakue nje ya duka, iache.

Kama umeshaingia, usifute kitu kwanza. Piga picha za skrini za vitisho, namba zilizotumika, tarehe na masharti ya mkopo, na waombe ndugu waliotumiwa ujumbe wakupe picha zao pia. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu uiondolee programu hiyo ruhusa ya majina, meseji na picha. Malipo yafanye kwa namba rasmi ya kampuni, kamwe usilipe kwa namba binafsi ya anayekupigia, na tunza ujumbe wa muamala.

Lalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni lianzie kwake kwa maandishi, likishindikana lipeleke Benki Kuu. Habari za taarifa zako kusambazwa zipeleke kwenye Tume. Vitisho na matusi vipeleke polisi, ukiwa na zile picha za skrini mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu pia unyanyasaji wa aina hiyo.