Kumsikiliza mtoto bila kumlaza mama chali

Swali hili mara nyingi huja kwa sauti ya chini, mama ameshanyanyuka aondoke kliniki: "Na ile mikanda ya tumboni, lazima nifungwe?" Anataka kujifungua kwa njia ya kawaida, atembee, achuchumae, abadili mkao anavyojisikia, na ameshasikia kwamba mashine yenye mikanda hiyo, inayorekodi mapigo ya moyo wa mtoto, humlaza mtu kitandani kutwa. Hofu hiyo ina msingi. Ila wengine huivusha mpaka, wakaona hata kusikilizwa kwa mapigo ya moyo wa mtoto ni kuingiliwa.

Uchungu unapobana, mishipa inayopitisha damu kwenda kwenye kondo la nyuma hubanwa nayo, na oksijeni inayomfikia mtoto hupungua kwa muda mfupi. Mtoto mwenye afya huvumilia. Moyo wake kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Kinachotushtua ni mapigo yanayoshuka na kuchelewa kupanda uchungu ukishaachia, hasa yakirudia hivyo kila mara.

Kwa mama mwenye afya njema ambaye uchungu wake umeanza wenyewe, fetoskopu, yaani kifaa kama pembe cha kusikilizia tumboni, au dopla ya mkononi, kifaa kidogo kinachotoa sauti ya mapigo, inatosha. Uchungu ukishakolea, mkunga husikiliza kila baada ya dakika 15 hadi 30. Ukifika wakati wa kusukuma, kila dakika 5. Mtazame anavyofanya: mkono mmoja uko tumboni na dopla, vidole vya mkono wa pili vimeshika kifundo cha mkono wako. Hakushiki kukubembeleza tu. Anahakikisha mapigo anayohesabu si yako, maana moyo wa mama aliye katika uchungu huweza kwenda mbio hadi ukadhaniwa ni wa mtoto. Na kwa dopla, anaweza kusikiliza umesimama, umepiga magoti au umeegemea ukuta.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, halipendekezi mama wa namna hii afungwe mashine ya kurekodi mfululizo. Sababu yake inatugusa sisi tunaoamini sana mashine. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zilionyesha kwamba kurekodi mfululizo hupunguza degedege kwa watoto wachanga, jambo ambalo ni nadra, lakini vifo vya watoto na mtindio wa ubongo havikupungua. Kilichoongezeka ni upasuaji. Mashine hutoa mistari mingi, na mstari wenye utata humtia daktari hofu.

Hayo si ruhusa ya kuikataa kila mahali. Ukiwekewa dripu ya kuongeza uchungu, ukiwa na homa, presha au damu inayotoka, ukiwa ulishapasuliwa uzazi uliopita, au maji ya uzazi yakitoka na kinyesi cha mtoto, mimi binafsi ningetaka mashine iwepo. Hapo ombi lako libadilike: omba kukaa kwenye kiti au kusimama kando ya kitanda kadiri waya unavyofika, na uulize kama kuna mashine isiyo na waya. Mikanda haikukatazi kukaa wima. Kulazwa chali mara nyingi ni mazoea ya wodi tu.

Yazungumze haya kliniki, kabla ya uchungu. Uliza watakusikilizaje, na ni dalili gani zitawafanya wabadili njia.

Uliza pia nini hufuata mapigo yakiyumba, kwa sababu wengi hudhani ni moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tatizo likiwa si la dharura kubwa, huanza mambo madogo: utaambiwa ulale ubavu, dripu ya uchungu itapunguzwa au kufungwa, utapimwa presha na joto, kisha mkunga atasikiliza tena. Mara nyingine mapigo hutulia mama akishageuka tu, akaruhusiwa kuinuka na kuendelea kutembea.