Mwenye selimundu anaugua malaria, tena vibaya

Juzi, kwenye dirisha la maabara yetu hapa Tabora, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia: "Huyu chandarua cha nini, daktari? Ana selimundu, malaria haimpati." Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno. Ndilo lililomzika mdogo wangu, aliyekuwa na ugonjwa huohuo wa kurithi wa damu.

Nyumbani tulikuwa watoto watano, vyandarua viwili. Kitindamimba alilala nje ya chandarua kwa kuwa tuliambiwa damu yake ina kinga. Alikuwa na miaka sita. Msimu wa kuvuna mpunga homa ilimpanda jioni; alfajiri mama alipomfunua kope, ndani palikuwa peupe. Hakurudi kutoka wodini. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na swali likanigandia: kinga gani hii inayoua?

Jibu nilianza kulipata chuoni. Tone la damu, sodiamu metabaisalfaiti (kemikali inayoondoa oksijeni), kioo juu yake, unasubiri. Chembe za duara zikajikunja, zikatoa ncha mbili, mfano wa mundu uleule tuliovunia mpunga mwaka ule. Nililia palepale kwenye hadubini.

Sasa sikilizeni, hasa wenzangu wa maabara. Kipimo hicho hakitenganishi AS, aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja, na SS, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili. Zote zinajikunja! Ukiandika "chanya" ukamwachia mzazi karatasi bila maelezo, umempa nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaua. AS ndiye anayekingwa na malaria kali. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya huku Afrika Mashariki. Hata huyo anaugua, ila ni nadra kuzidiwa. SS hana nafuu hiyo: damu yake ni pungufu tangu mwanzo, na bandama yake mara nyingi imeshaharibika. Malaria ikimkuta inammaliza upesi. Kuwatenganisha kunataka elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme.

Kwa nini AS anakingwa? Chuoni tulikariri kwamba chembe yenye kimelea cha malaria hujikunja, bandama ikaiondoa. Watafiti bado wanabishana. Wapo wanaosema kimelea hudumaa ndani ya chembe hizo oksijeni inapopungua. Mimi naegemea hao wa pili, bila uhakika.

Yule mama nilimwingiza ndani, akachungulia damu ya mwanawe. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza chandarua kinatolewa chumba kipi, nikampeleka mwenyewe.