Lita Moja Inakufikisha Wapi? Ulaji Halisi wa Mafuta wa Magari Yetu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, inapotangaza bei kikomo za mafuta, maswali yanayotufikia katika karakana yetu ya mafunzo huongezeka. Malalamiko ni yaleyale. Mtu amenunua gari dogo, ameambiwa na muuzaji kwamba linatembea kilomita 20 kwa lita, sasa anapata 10 au 11. Anaamini ama ameuziwa gari bovu, ama fundi amelichezea. Mara nyingi tukilikagua tunakuta gari ni zima. Kinachopaswa kukaguliwa kwanza ni hiyo 20 yenyewe.

Vitz, Passo, IST, Raum, Premio na wenzao wengi waliojaa barabarani kwetu walitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na kiwango cha mafuta kinachotajwa wakati wa kuuzwa kilipimwa hukohuko, ndani ya maabara. Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika kiliitwa 10-15. Gari liliwekwa juu ya mitambo inayozungusha magurudumu, injini ikiwa imeshapata joto, kiyoyozi kimezimwa, likaendeshwa kwa mwendo uliopangwa kwa dakika 11, umbali wa kilomita 4 na kidogo tu, na spidi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 70 kwa saa. Hapakuwa na mlima wala upepo, na barabara ya vumbi haikujulikana. Baadaye kikaja kipimo cha JC08, kirefu zaidi, ambacho sehemu yake huanza injini ikiwa baridi. Tangu 2018 Japani imekuwa ikihamia kipimo cha WLTC. Kila kipimo kipya kimekuwa kikisogea karibu na hali ya barabarani, kwa hiyo unapolinganisha magari mawili ya miaka tofauti, uliza kwanza yalipimwa kwa utaratibu upi.

Tofauti ya maabara na barabara si jambo la Afrika peke yake. Mwezi Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye kompyuta za magari yenyewe: magari ya petroli na dizeli yalikuwa yanakula takriban asilimia 20 zaidi ya kiwango cha cheti, yaani kile cha maabara, na yale ya mseto (injini pamoja na mota ya umeme) yanayochajiwa kwa umeme yalikula karibu mara tatu na nusu. Hayo ni magari mapya, kwenye lami nzuri. Gari lako lina miaka 15 na linapita foleni ya Mwenge.

Kwa hiyo, kabla hujabadilisha plagi, kabla hujanunua dawa ya kusafisha injini, pima. Nenda sheli, jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, usimruhusu mhudumu aendelee kuongeza ili hela ifike namba kamili. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida, angalau nusu tenki. Rudi sheli ileile, kwenye pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ikate. Tuseme mwanzo ilisoma 84,210, sasa inasoma 84,546, na zimeingia lita 31.4. Umetembea kilomita 336; gawanya kwa 31.4, unapata kilomita 10.7 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu au nne kabla hujaamini jibu, maana mara moja inaweza kukudanganya. Wanaojaza ya elfu kumi leo na ya elfu kumi na tano keshokutwa, wakisubiri taa ya mafuta iwake, hawawezi kujua gari lao linakula kiasi gani. Wanajua tu kwamba hela inaisha.

Angalia pia matairi. Vitz nyingi zilitoka kiwandani na tairi za 165/70R14. Mwenye gari akiweka 185/65R15 ili liinuke, kila mzunguko mmoja wa tairi unakuwa mrefu zaidi kwa karibu asilimia 6, lakini dashibodi haijui. Umetembea kilomita 106, yenyewe inahesabu 100. Hapo gari linasingiziwa.

Sasa mafuta yenyewe yanakwenda wapi? Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Sehemu kubwa inapotea kama joto, kupitia rejeta na bomba la moshi. Tukadirie kwa ukarimu kwamba robo ndiyo inayofika kwenye magurudumu, yaani megajuli 8. Chukua gari la kilo 1,100 na dereva ndani yake. Kulifikisha kilomita 60 kwa saa kutoka kusimama kunahitaji nishati ambayo, kwa hesabu hiyo, ni mililita 19 hivi za petroli, zaidi ya kijiko kikubwa cha chakula. Ukikanyaga breki, kijiko chote kinageuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Ukiondoka na kusimama namna hiyo mara 50 kutoka Mbezi Mwisho hadi Posta, umemwaga karibu lita nzima kwenye breki, bila kuhesabu kitu kingine chochote.

Kwangu mimi hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote, na ndipo watu wasipopatazama kwa sababu hapauzwi dukani. Dereva anayekanyaga mafuta ili azibe nafasi ya mita 30 iliyo mbele yake, kisha akafunga breki nyuma ya daladala, hajawahi popote. Tazama mbali. Ukiona taa za breki zinawaka mbele, au taa za barabarani zimekuwa nyekundu, ondoa mguu mapema, acha gari lijivute lenyewe. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa papara unaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 katika mwendo wa kusimama na kuondoka. Hakuna kipuri kinachoweza kukurudishia kiasi hicho.

Foleni yenyewe nayo inakula. Injini ya cc 1,300 hadi 1,500 inayounguruma gari likiwa limesimama hunywa takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na kiyoyozi huongeza. Mtu anayekaa saa moja kwenye foleni kila siku ya kazi anaweza kumaliza lita 20 kwa mwezi bila kusogea. Kuhusu kiyoyozi, simwambii mtu akizime mchana wa Februari mwenye mtoto kiti cha nyuma. Ila gari lililochomwa na jua lifungue vioo kwa dakika moja mbili kwanza, joto litoke, ndipo uwashe. Mzigo wa kupoza unapungua sana. Mjini kwa mwendo mdogo vioo wazi vinatosha. Kwenye barabara kuu, vioo vikiwa wazi hewa inalivuta gari nyuma, kwa hiyo huko funga na tumia kiyoyozi kwa amani.

Barabara kuu ina sheria yake. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa spidi. Ukitoka 80 kwenda 110, spidi imeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi, lakini upinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu. Ndiyo sababu gari linalotoka Dar kwenda Dodoma kwa mwendo wa 80 hadi 90 linamshangaza mwenyewe kwa jinsi lisivyokula, na likikimbizwa linamshangaza kinyume chake. Mizigo iliyofungwa juu ya paa huongeza madhara hayohayo. Pakia ndani kama nafasi ipo.

Safari ya kwenda Iringa inabidi isomwe peke yake. Unatoka usawa wa bahari unapanda hadi karibu mita 1,550. Kuinua gari na abiria, jumla kilo 1,200, hadi kimo hicho kunataka zaidi ya lita mbili za petroli kwa ajili ya mlima tu. Kurudi, gari litakula kidogo, na hapo ndipo baadhi ya madereva wanapoweka gia huru kwenye mteremko wa Kitonga wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye gari lenye kompyuta, yaani karibu magari yote tunayoyazungumzia, ni kinyume. Likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedeli na magurudumu yakiisukuma injini, kompyuta hufunga mafuta kabisa. Ukiweka gia huru, injini inabidi ichome mafuta ili isizime, na umepoteza ukinzani wa injini uliokuwa ukisaidia breki. Unatumia mafuta zaidi ili uhatarishe maisha.

Nije kwenye gereji, kwenye jambo linaloniuma. Gari likichemsha mara moja, fundi anafungua boneti, anatoa thamostati, anaitupa, anamwambia mteja kwamba nchi yetu ni ya joto, kifaa hiki ni cha Wazungu na Wajapani wenye theluji. Kifaa hicho hakijawekwa kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi. Kwa Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na gari likiwa barabara kuu lenye upepo wa kutosha, injini haifiki joto hilo. Kompyuta inasoma sensa ya joto, inadhani bado ni asubuhi na injini imewashwa sasa hivi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama inavyofanya kwenye injini baridi. Oili inabaki nzito. Petroli isiyoungua inachuruzika kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Mwenye gari anatazama mshale wa joto uko chini, anafurahi kwamba gari sasa halichemshi kamwe, huku likila mafuta na injini ikichakaa. Chanzo cha kuchemsha bado kipo: rejeta iliyoziba kwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), feni iliyochoka, au mfuniko wa rejeta uliolegea. Mwambie fundi aweke thamostati mpya na atafute chanzo hicho.

Taa ya injini nayo isizibwe wala kutolewa balbu ili gari liuzike. Sensa ya oksijeni, inayosoma moshi wa injini, ikifa, kompyuta inafanya kazi kwa kubahatisha, na ulaji unaweza kupanda kwa hadi asilimia 40.

Mengine ni madogo kuliko yanavyosemwa, na ni haki niseme hivyo. Upepo wa tairi ukipungua kwa PSI 10 kwenye matairi yote, unapoteza kama asilimia 2 ya mafuta. Jaza kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, lakini sababu kubwa ni breki na usalama wa tairi lenyewe. Filta ya hewa iliyochafuka, kwenye injini ya kompyuta, inakuibia nguvu zaidi kuliko mafuta. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 inagharimu asilimia chache tu. Kujaza alfajiri ili upate mafuta mazito kwa sababu ya baridi hakukusaidii kitu, kwa kuwa matenki ya sheli yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya usiku na mchana.

Ukishakuwa na namba zako za miezi miwili mitatu, utajua kawaida ya gari lako, iwe 9 au 13. Hapo kushuka kwa ghafla ndiko kunakopaswa kukupeleka gereji. Ikishuka ndani ya wiki moja na njia zako ni zilezile, fanya hivi kabla hujalipa mtu yeyote: endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki sana, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki yake inashika, na umekuwa ukiendesha gari huku mguu usiouona ukikanyaga breki muda wote.