Kitabu ninachokipenda mimi kilirudi baada ya siku mbili

Mzee alikiweka juu ya dawati langu, jalada likiangalia chini, kama mtu anayerudisha karata mbovu. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, maana ndani ya maktaba yeye hunong'ona hata tukiwa wawili tu, "huyu aliyeandika alikuwa mzima?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Kitabu chenyewe kilikuwa *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Nimekisoma mara nne. Ni chembamba, unakimaliza jioni moja, na ukishakimaliza huna uhakika umesoma nini. Mambo hayafuatani kama yanavyofuatana mchana, na hakuna anayekushika mkono kukuonyesha njia. Mimi napenda kupotezwa namna hiyo. Mzee yule nilimpa kwa sababu mbili: kwamba nakipenda, na kwamba yeye ni mwalimu mstaafu, basi nikadhani kitabu kigumu ndicho kitakachomfaa. Yeye mwenyewe nilikuwa sijamuuliza hata neno moja.

Mimi ni mkutubi hapa Mtwara, na nikijitambulisha watu hudhani kazi yangu ni kupanga vitabu na kugonga mhuri wa tarehe. Kupanga si shida. Mfumo wa Dewey unatupa namba 896.392 kwa fasihi ya Kiswahili, tunabandika, tunasimamisha kwenye rafu, basi. Shida huanzia hapo namba inapotuacha. Kwenye rafu moja jasusi mwenye bastola kakaa bega kwa bega na mwanafalsafa, na msomaji aliyetoka sokoni na kikapu cha ming'oko anasimama mbele yao hajui amguse nani. Namba itamwonyesha kitabu kilipo. Kama ni chake au si chake, hiyo ni kazi ya mtu.

Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mwaka 1931 aliandika kanuni tano za ukutubi ambazo kila aliyesomea kazi hii amezikariri. Ya pili inasema kila msomaji ana kitabu chake, ya tatu inasema kila kitabu kina msomaji wake. Chuoni nilizijibia mtihani bila kuona kwa nini ziwe mbili. Nilikuja kuziona siku ile *Nagona* iliporudi: kitabu si kibaya, mzee si mvivu, ni posa iliyopelekwa nyumba isiyo yake. Na mshenga nilikuwa mimi.

Sasa siulizi tena "unapenda vitabu vya namna gani." Swali hilo watu wengi hawana jibu lake, na wengine huona aibu, watasema "vya mafunzo" ili waonekane watu wazima. Nauliza hivi: hadithi gani ya mwisho iliyokukosesha usingizi? Nisimulie. Haijalishi aliipata wapi. Inaweza kuwa tamthilia ya televisheni, au kisa cha jirani. Kisha nanyamaza na kusikiliza, na sisikilizi kisa. Nasikiliza anavyokisimulia.

Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl wa Seattle, anasema watu huingia kwenye kitabu kwa milango minne: hadithi yenyewe, wahusika, mahali, na lugha. Kila kitabu kinayo yote, lakini mmoja huwa mpana kuliko mingine, na kila msomaji ana mlango aliouzoea. Kwa Kiswahili nimegundua milango hiyo husikika mdomoni kabisa. Mtu wa hadithi kila sentensi yake inaanza na "halafu". Mtu wa wahusika atasema "yule dada, yule dada sijui alikuwa na nini." Wa mahali anasema "kule." Na wa lugha huacha kisa njiani ili akuigizie mtu fulani alivyojibu, kwa sauti na macho.

Kijana wa bodaboda alisema "halafu" mara kumi na moja. Nilihesabu. Huyo sikumtesa, nilimpa *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, jasusi Willy Gamba akamchukua na pikipiki yake. Fundi cherehani mmoja, wa "yule dada" huyo, aliondoka na *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed kwa ajili ya Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake.

*Kuli* cha Shafi Adam Shafi nimekitoa kwa milango miwili tofauti, na hapo ndipo ninapoifurahia kazi hii. Ni riwaya ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mpagazi wa bandari yetu alikisoma kwa sababu ya Rashidi, mtu wa mgongo kama yeye. Bibi mmoja wa Mikindani alikitaka kwa sababu ya Unguja, kule alikopelekwa akiwa mtoto. Bandari yetu hii nayo ililetwa na mradi wa karanga wa Waingereza wa Nachingwea, miaka hiyohiyo ya mwisho wa 1940, na yule mpagazi nilipomwambia hivyo alitikisa kichwa: "Kumbe na sisi tungeandikwa."

Turudi kwa mzee. Nilimwomba radhi, nikamwuliza swali langu. Alinisimulia kisa cha mfanyabiashara wa zamani na mtumishi wake, lakini kisa hakikufika popote, alibaki akiigiza majibu ya yule mtumishi, huku anacheka peke yake. Lugha! Nikanyanyuka kumletea *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, chenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kuna mauaji ndani, lakini nadhani muuaji hakumshughulisha sana. Wiki iliyofuata alikuja kuulizia *Kisima cha Giningi*, na njiani alikuwa anazungumza Kiunguja.

Nilimfundisha pia kanuni nyingine ya Pearl: kisome kitabu kurasa 50, kisipokukamata kiache. Ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, hizo ndizo kurasa unazodaiwa. Yeye ana miaka 71. Alipiga hesabu mara moja: "Ishirini na tisa. Basi *Nagona* nililipa zaidi."

Nimalizie na *Peponi*. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, watu walikuja kuuliza "kitabu cha yule Mzanzibari," nasi hatukuwa na cha Kiswahili cha kuwapa. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya 1994. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, anayemjua kama ndugu wa baba, kumbe baba kamweka rehani kwa deni. Kwa miezi mingi nilikuwa nakitoa kama kitabu cha mahali: misafara, pwani, Wajerumani wanaingia. Kilitoka, kikarudi, hakuna aliyesema neno.

Kisha akakichukua mama mmoja mkulima wa korosho kutoka Tandahimba, aliyekuwa mjini kumuuguza dada yake. Alipokirudisha alisema sentensi moja: "Mtoto yule kauzwa kangomba." Kwa msiotoka kusini: mkulima akibanwa na ada au ugonjwa kabla ya msimu, huuza korosho zingali juu ya mti, kwa bei ya kutupa, na mnada ukifika hana chake. Nilikaa na sentensi yake siku nzima. Tangu hapo *Peponi* nakitoa kama kitabu cha deni, na hakikai rafuni.

Alikiomba tena akaende nacho nyumbani. Sasa msimu umefunguliwa, watu wako mashambani wanaokota, na kadi yake imepita tarehe wiki tatu. Kikirudi kitakuwa na madoa ya mabibo, na doa la bibo halitoki. Sijampigia simu.