Tope la ziwani likishatolewa, kazi ndo inaanza

Ndugu zangu mnaokaa karibu na Ziwa Viktoria, Luzira, Ggaba, Entebbe, hebu tuongee hili la tope, maana kila dreja, ile meli ya kuchimba tope chini ya maji, ikionekana inachimba njia ya meli watu wanasema "wamesafisha, kwisha", na mimi nabisha mpaka koo linakauka. Haijaisha jamani. Dreja ya kunyonya inavuta tope pamoja na maji mengi sana, kwenye bomba tope lenyewe mara nyingi ni asilimia 10 mpaka 20 tu ya uzito, kwa hiyo kinachofika kwenye eneo la kuhifadhia ni uji, tena mwepesi, na uji huo unataka tuta imara pande zote na muda wa kutulia.

Wengine wanasema maji yanayorudi kutoka huko ni ya ziwa lenyewe, shida iko wapi? Shida ni kile kilichomo. Punje ya mchanga ya milimita 0.1 inazama mita moja kwa dakika mbili hivi, lakini chembe ya udongo wa mfinyanzi ya mikroni 2 (milimita 0.002), hata maji yatulie vipi, mita hiyohiyo inaimaliza kwa siku 3 na zaidi. Mimi nilitia tope la ufukweni kwenye chupa ya maji nikatikisa, mchanga ukalala chini palepale, ila kesho yake asubuhi maji bado yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ndo maana mlango wa kutolea maji unawekwa mbao zinazoongezwa au kupunguzwa mojamoja, yatoke yale ya juu tu yaliyokwisha kutakata. Na fosforasi inapenda kung'ang'ania hizo chembe laini, ikiingia ziwani inalisha mwani, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala inavutwa Ggaba, kwenye ghuba ileile inayopokea mtaro wa Nakivubo, ule wa maji machafu ya mji.

Sasa hili linaniumiza zaidi: "limekauka, watoto wanaweza kucheza mpira." Banange! Ukiona limepasuka vipandevipande juu usidhani na chini ndo hivyo. Jua linakausha ngozi ya juu, halafu ngozi hiyo inazuia maji ya chini yasitoke, chini linabaki laini miezi mingi, likiwa nene hata miaka. Karibu na kwetu palimwagwa tope la mtaro, mbuzi wa jirani akapita juu, hatua nne tano vizuri, kisha akazama mpaka tumboni, tukamtoa kwa kamba na mbao mbili. Angekuwa mtoto je? Dawa yake ni kuchimba vimitaro pembeni, maji yachuruzike, unavizidisha kina kidogokidogo kadiri tope linavyokaza, na uzio uwepo muda wote.

Halafu "tope jeusi ni mbolea". Inategemea limetoka wapi. Likiwa chini ya maji halina hewa, likianikwa juani hewa inaingia, na matope yenye salfa nyingi yanatengeneza asidi, asidi inafungua metali kama zinki na kadimiamu zilizokuwa zimefungwa humo. Yaani linaweza kuwa baya zaidi likiwa kavu.

Lakini kusema lote ni sumu nayo si kweli. Hamburg, Ujerumani, tangu 1993 wana kiwanda kinachotenganisha mchanga na tope la bandari, mchanga unatumika. Rotterdam, Uholanzi, walichimba shimo kubwa, Slufter, linalofanya kazi tangu 1987, la mita za ujazo kama milioni 150, kwa lile lililochafuka tu. Yaani wanapima kwanza, kisha wanachagua.

Jirani huyohuyo wa mbuzi alitaka kuleta tipa mbili za lile tope nyuma ya nyumba apande mayuni, yaani magimbi. Nimemwomba asubiri lipimwe maabara. Amekubali, mbegu zake amezifunika kwa gunia chini ya mwembe.