“Dawa si bado zipo?”

Wiki iliyopita niliambiwa hivyo mara mbili kwa siku moja. Asubuhi alikuwa kaka wa mgonjwa wangu, mchana ofisa mmoja wa mambo ya bajeti. “Sista, kama ziara za nyumbani zimetolewa kwenye bajeti, sawa. Lakini dawa si bado zipo?” Najua hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila nimeuguza wagonjwa wa akili majumbani mwao miaka mingi, na sentensi hiyo sasa inanipandisha presha.

Dhana yenyewe ni kwamba tiba ni kidonge, na nesi anayegonga mlango kila baada ya wiki mbili ni nyongeza ya kupiga soga. Pesa zikipungua, soga ikatwe, kidonge kibaki.

Haya, tuanze na lithiamu, dawa ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru vimekaribiana mno: kwa mtu anayeendelea na dawa, kwa kawaida tunataka kipimo cha damu kiwe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na kikipita 1.5 tunaanza kuogopa sumu. Mgonjwa akiharisha siku mbili bila kunywa maji ya kutosha, au akijinunulia ibuprofeni ya maumivu ya mgongo, kiwango kinaweza kupanda ilhali hajaongeza hata kidonge kimoja. Dalili za mwanzo ni mikono kutetemeka kuliko kawaida, kuyumba, ulimi kuwa mzito. Mgonjwa mwenyewe atasema amechoka tu. Mimi nikimkuta anashika kikombe kwa mikono miwili, namwambia asimeze dozi inayofuata mpaka daktari aseme, na damu ikapimwe leo hii.

Klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo), nayo ina masharti yake. Aliyeikosa kwa zaidi ya saa 48 haruhusiwi kurudia dozi aliyoizoea. Anaanza upya na miligramu 12.5, anapandishwa polepole, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla na moyo kupata shida. Dawa zipo kabatini, ndiyo. Lakini ndugu mwenye upendo anayesema “basi meza kama kawaida” baada ya siku nne anaweza kumuua mtu, na kwenye bajeti iliyokatwa huyo ndugu ndiye aliyeachiwa kazi yangu.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi hesabu inavyodanganya. Wengi wa wagonjwa wetu wa skizofrenia hutumia sindano ambazo dawa yake hukaa mwilini muda mrefu. Ukikosa sindano, dawa haitoki mwilini siku hiyo. Inapungua taratibu kwa wiki kadhaa, hata miezi. Kwa hiyo ziara zikikatwa leo, baada ya miezi mitatu mtu anaweza kuandika ripoti kwamba hakuna kilichoharibika. Ugonjwa unarudi wakati ripoti imeshasainiwa, na mgonjwa analetwa wodini na polisi. Hapo utasikia, “Huyu alikuwa mzima, sijui kapatwa na nini.” Hata baadhi ya madaktari huwa wanasema hivyo.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65 yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 6,000 wa skizofrenia. Ndani ya mwaka hivi, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 64 ya walioachishwa dawa, na asilimia 27 ya walioendelea nazo. Watu hunukuu ile 64 na kushangilia kidonge. Mimi naomba waitazame ile 27: hao walikuwa na dawa, na walikuwa kwenye utafiti, wakifuatiliwa kwa karibu. Sasa ondoa ufuatiliaji.

Na soga? Nikikuuliza jana umelala saa ngapi, natibu. Kwa mwenye baipola, usingizi kupungua bila yeye kuhisi uchovu mara nyingi hutangulia mengine yote. Ndiyo maana nawasumbua watu na daftari la usingizi: saa ya kulala, saa ya kuamka, basi. Wenzangu wananicheka kwa daftari hilo. Wacheke.

Hoja nyingine ninazoambiwa nitazipitia haraka.

“Hospitali kubwa zitawapokea.” Kitanda cha wodi ni ghali kuliko ziara nyingi sana za nesi, kwa hiyo pesa haijaokolewa, imehamishiwa fungu lingine. Marekani ilipitisha sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii mwaka 1963, hospitali za akili zikaendelea kupunguzwa, vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa. Mwaka 1981 fedha za serikali kuu zikapunguzwa na kugeuzwa ruzuku ya jumla kwa majimbo. Leo magereza ya nchi hiyo yamejaa watu ambao wangepaswa kuwa kliniki. Italia nayo iliamua kufunga hospitali zake za akili kwa sheria ya 1978, lakini katika mji wa Trieste walijenga vituo vya mtaani vilivyo wazi saa 24, vyenye vitanda. Pale pesa ilimfuata mgonjwa.

“Watu wa kujitolea wataziba pengo.” Hapa hunitajia mabibi wa Zimbabwe wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi, mpango ulioanza Harare mwaka 2006. Ni kazi nzuri na ushahidi upo. Lakini mabibi hao wamefunzwa, wanasimamiwa, na wanashughulika zaidi na sonona na wasiwasi; kesi nzito wanazipeleka mbele, kwa wataalamu. Mbele ikifungwa, watazipeleka wapi?

“Wakikosa huduma watatudhuru.” Hii inanikera hata inaposemwa na watetezi wetu wanaoomba pesa. Mwenye ugonjwa mkali wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhuriwa kuliko kudhuru. Anayekuwa hatarini kwanza ni yeye mwenyewe, hasa wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka wodini na miezi michache inayofuata, kipindi ambacho hatari ya kujiua hupanda sana. Ziara ya wiki hiyo ya kwanza haina kidonge ndani yake, kwa hiyo nayo mara nyingi huwekwa kwenye orodha ya vya kukatwa.

Kama ziara zenu zimeshapunguzwa, kabla nesi hajaondoka mara ya mwisho mwambieni aandike vitu vinne kwa mkono wake: jina la dawa na dozi, tarehe ya sindano inayofuata, nini kifanyike dozi ikirukwa, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Hiyo ya nne akishindwa kuiandika, mwambieni mkuu wake, na mrudie kumwambia.