SEO ni nini, na kwa nini blogu yako haionekani Google

Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi Tanga, na pilau yake ni ya kumfanya mtu aahirishe safari. Mwaka juzi alifungua blogu ya mapishi. Baada ya miezi mitatu akanipigia simu, sauti imenyong'onyea: "Kaka, hivi hawa Google wamenifungia? Makala ishirini nimeandika, nikigugo sijioni hata ukurasa wa kumi."

Nikamwambia, "Hebu andika site: halafu anwani ya blogu yako, usiache nafasi katikati." Kimya kidogo.

"Inasema hakuna kitu."

"Basi hujafungiwa, mdogo wangu. Hawajui kama upo."

Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapopotea. SEO ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, search engine optimization, na kwetu tunaitaja herufi kwa herufi. Maana yake ni kuiandaa tovuti ili injini ya utafutaji iifikie, ielewe inazungumzia nini, na iione inafaa kupewa mtu aliyeuliza. Ni vitenzi vitatu na vinakwenda kwa zamu: kisichofikiwa hakieleweki, na kisichoeleweka hakipewi mtu. Mafundi wa SEO wanaojitangaza mitandaoni watakuuzia kitenzi cha tatu, maana ndicho chenye pesa, wakati ugonjwa wako uko kwenye cha kwanza.

Mtu akiandika swali Google, Google haikimbii mtandaoni wakati ule kutafuta jibu. Ilishakimbia zamani. Ina programu iitwayo Googlebot inayopita kwenye kurasa usiku na mchana, ikifuata kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, inasoma na kurudi na ilichokisoma. Kinachofaa kinaingizwa kwenye faharasa, mfano wa ile orodha ya maneno inayokaa mwishoni mwa kitabu: neno hili limo ukurasa wa 14, wa 92, wa 210. Swali linapokuja, kinachopekuliwa ni hiyo faharasa. Ukurasa wako usipokuwemo, hata uwe na makala nzuri kuliko zote, umefungua duka ndani ya nyumba na geti umelitia kufuli.

Geti la mdogo wangu tulilikuta haraka. Blogu yake ilikuwa kwenye WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Ndani ya mipangilio, sehemu inayohusu usomaji, kuna kisanduku kidogo ambacho ukikitia tiki unaziomba injini za utafutaji zisiisajili tovuti. Kijana aliyemtengenezea alikitia tiki siku za ujenzi, jambo la kawaida kabisa, kisha akalipwa akaenda zake. Miezi mitatu! Tulikiondoa, tukafungua akaunti ya Google Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji, ambayo haina malipo na ningemshauri kila mwanablogu aifungue siku ileile anayofungua blogu, tukawasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zake zote, tukasubiri. Siku kadhaa baadaye kurasa za kwanza zikaanza kuingia.

Kuingia kwenye faharasa, hata hivyo, si kusomwa. Makala yake ya pilau ilikuwa na kichwa "Harufu ya Nyumbani". Kichwa kizuri, gazetini ningekisifu. Lakini nani, sufuria iko jikoni na wageni wako sebuleni, anashika simu na kuandika "harufu ya nyumbani"? Anaandika "jinsi ya kupika pilau ya nyama". Anaandika "vipimo vya pilau kilo mbili". Au, kama tulivyokuja kuona baadaye, anaandika "kwa nini pilau yangu inakuwa bokoboko". (Wenye bokoboko lao la Idi wanisamehe, huyu analia wali umevurugika.) Tukabadilisha kichwa kikawa "Jinsi ya kupika pilau ya nyama ya ng'ombe isiwe bokoboko", na harufu ya nyumbani tukaihamishia aya ya kwanza, mahali ambapo msomaji ameshaingia na ana nafasi ya kuifurahia.

Kwa kweli hapa ndipo ilipo nusu ya kazi yote: kuyajua maneno ambayo watu wanayaandika wenyewe, si yale unayotamani wayaandike. Kwa Kiswahili jambo hili lina utamu wake na taabu yake. Majani yale ya kunukia unayokatia juu ya mchuzi, mmoja anayaita giligilani, mwingine kotimiri, na ukivuka kwenda Nairobi utasikia dania. Ukichagua neno moja ukalishikilia tu, umewaacha wengine nje. Yataje yote matatu mara moja, kama mtu anavyoeleza kwa kawaida: "giligilani, ambayo wengine huiita kotimiri au dania", kisha endelea na lako. Kamusi nayo inaweza kukupoteza. Ukiandika "bei ya kompyuta mpakato" umeandika Kiswahili safi, lakini mtu wa mtaani anaandika "bei ya laptop". Upande wa pili, "kishikwambi", yaani tablet, lilikuwa neno la kamusi mpaka sensa ya Tanzania ya 2022 ilipolipeleka nyumba kwa nyumba mikononi mwa makarani. Leo ni neno la watu. Maneno yanahama, na anayeandika blogu anatakiwa ahame nayo.

Utayajuaje? Anza kuandika Google, "pilau", usibonyeze kitu, usome mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku. Hayo yanatokana na utafutaji wa watu kweli. Kisha tafuta, ushuke mpaka chini ya ukurasa wa matokeo, utakuta mengine. Kisha waulize wanaokuuliza wewe. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa shangazi, "mwanangu, ule mchele unauosha mara ngapi?", tayari ni kichwa cha makala.

Swali linalofuata huwa moja kila mara: hilo neno nilirudie mara ngapi? Hakuna idadi. Zamani watu walikuwa wanajaza "pilau pilau pilau" chini ya ukurasa kwa herufi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, msomaji asione ila mashine ione. Leo huo ni udanganyifu unaoweza kukuondoa kwenye matokeo. Kuna pia lile tagi la maneno muhimu linalofichwa kwenye msimbo (code) wa ukurasa: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii kabisa kupanga matokeo, na bado kuna mtu leo anatoza hela ya kulijaza. Idadi ya maneno katika makala nayo haina kipimo. Jibu la "mayai yanachemshwa dakika ngapi" likifika maneno elfu moja, unamtesa mtu ambaye maji yake yanatokota.

Tuje kwenye viungo, na hapa lugha yetu imetufanyia hisani, maana neno hilohilo linabeba bizari na linabeba linki. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, walianzisha Google juu ya wazo moja: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine huenda una thamani, na ukitajwa na ukurasa wenye heshima, thamani inazidi. Hesabu hiyo waliiita PageRank, kwa jina la Page mwenyewe. Leo vigezo ni vingi sana, lakini wazo halijafa. Fikiria mtaani: watu kumi wasiojuana wakikuelekeza kwa fundi mmoja, utakwenda kwake. Wakikuelekeza kumi ambao amewalipa soda, siku utakapogundua hutarudi. Ndivyo ilivyowatokea wengi Aprili 2012, Google ilipotoa sasisho la mfumo wake liitwalo Penguin na tovuti zilizojaa viungo vya kununua zikaporomoka usiku mmoja. Kwa hiyo ukikuta tangazo la viungo mia tano kwa bei ya chakula cha mchana, kale hicho chakula.

Kiungo unachobandika Facebook au kwenye grupu la WhatsApp kinakuletea watu, na watu ndio tunaowataka, ila usikihesabu kwenye hesabu hiyo ya PageRank. Kinachopuuzwa zaidi ni viungo vya ndani, vya kutoka makala yako moja kwenda nyingine, ambavyo huhitaji kumwomba mtu. Makala ya pilau iunganishwe na ya kachumbari, ya kachumbari na ile ya pilipili ya kukaanga. Na maneno unayoyafanya kiungo yaseme kitu. "Bofya hapa" halimwambii Googlebot lolote, na msomaji pia halimwambii. "Jinsi ya kukata kachumbari ya pilau" linawaambia wote wawili.

Vipi kuchukua makala ya mwingine na kuibandika? Mbali na kuwa ni wizi, haisaidii. Sasisho la Panda la 2011 lilizishusha tovuti nyingi zenye maudhui hafifu na ya kunakili, na Machi 2024 Google ikaongeza sera dhidi ya kumwaga kurasa kwa wingi ili kucheza na matokeo tu, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Akili bandia si haramu. Kuitumia kuzalisha makala mia mbili za mapishi ambayo hujawahi hata kuyaonja, hiyo ndiyo inayolengwa. Na msomaji anaijua mapema kuliko Google: pilau iliyoandikwa na asiyewahi kuipika haina ile aya ya kueleza kwamba vitunguu vikizidi kuiva pilau inakuwa chungu.

Picha. Simu za leo zinapiga picha ya megabaiti nne, tano, na wanablogu wanaipandisha hivyohivyo, kumi kwa makala. Msomaji wako ana bando la siku. Ukurasa unavuta, unavuta, anarudi nyuma, anafungua wa mwingine. Punguza picha kabla ya kupandisha. Upana wa pikseli 1,200 unatosha sana, na ukibana vizuri inashuka chini ya kilobaiti mia mbili. Faili usiliache na jina la IMG na tarakimu zilizofuatana, liite "pilau-ya-nyama", na ule uwanja wa maelezo ya picha (alt text) uujaze kama unavyomsimulia mtu asiyeona, kwa sababu wasioona ndio waliowekewa. Google yenyewe huisoma tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo kabla hujachapisha, ifungue kwa simu ya bei nafuu kuliko yako.

Blogspot, ile anwani ya bure ya Blogger, au jina lako mwenyewe? Blogger ilinunuliwa na Google mwaka 2003, na kuna imani kwamba ukiandika huko unapendelewa. Hupendelewi, wala huadhibiwi. Sababu ya kununua jina lako, liwe la .co.tz, la .co.ke au la .com, ni nyingine: siku ukihama unahama na anwani yako, na viungo vyote ulivyopata vinakufuata ukielekeza vizuri. Kwenye anwani ya bure wewe ni mpangaji. Majina yanayoishia na herufi za nchi yanaiambia Google pia kwamba unawalenga watu wa nchi hiyo, jambo zuri kama unauza keki Mwanza, na la kufikiria mara mbili kama wasomaji wako wako Muscat na Toronto.

Na muda? Mwongozo wa Google wenyewe unasema mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi. Wanasema pia hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, kwa hiyo anayekuahidi ukurasa wa kwanza ndani ya wiki anauza kisicho chake. Yale matokeo ya juu yenye alama kwamba yamedhaminiwa ni matangazo. Hayo yanalipiwa, na ukiacha kulipa yanatoweka. Matokeo ya kawaida hayauzwi. Fedha za matangazo ndani ya blogu ni mada nyingine, na kuiwaza ukiwa na wasomaji tisa ni kugawana ngozi ya mnyama aliye porini.

Jumamosi moja mdogo wangu alinitumia picha ya skrini ya Search Console, sehemu inayoonyesha maneno ambayo watu waliyatafuta na blogu yake ikatokea mbele yao. Katikati ya orodha alikuwa amezungushia mstari mmoja kwa rangi nyekundu: "pilau ikiungua chini nifanyeje". Ilitokea mara nyingi, mibofyo sifuri. Alikuwa ameandika jinsi ya kupika, jinsi ya kupalia makaa juu ya mfuniko, hadi jinsi ya kupakua. Kuhusu kuungua hakuwa na hata sentensi moja.

"Kaka," aliandika chini yake, "hili nalijua vizuri mno." Kesho yake mchana makala ilikuwa hewani, na picha ya sufuria jeusi aliloliunguza mwenyewe.